Katuni za zamani: ni kweli sauti zote zile ni za mtu mmoja?

mwana_wa_langoni (Lamu)

Assalamu alaykum wana jukwaa.

Jana baada ya isha tulikuwa barazani Mkunguni, ukazuka mzozo ambao mpaka tunaondoka haukuisha. Jamaa mmoja alikuwa akiwaonyesha wanawe katuni za zamani kwenye simu, zile za Bugs Bunny na bata mweusi Daffy. Akatuambia kwamba yule sungura, yule bata, paka Sylvester, kindege Tweety na Yosemite Sam, yule kibushuti mwenye masharubu mekundu na bastola mbili, wote ni Mmarekani mmoja aliyesimama mbele ya maikrofoni. Nusu ya baraza ikakataa katakata. Nusu nyingine ikasema labda, lakini kwa msaada wa mitambo.

Mimi siulizi kwa ajili ya mzozo tu. Kazi hii nimeigusa. Miezi mitatu iliyopita nilikwenda Mombasa kurekodi sauti za katuni ya watoto, ya kuwafunza kuosha mikono na kuchemsha maji ya kunywa. Chumba kimepigwa magodoro kuta zote nne, feni imezimwa ili isisikike. Nilifanya sauti nane kwa siku mbili: punda, kaa, mvuvi, bibi kizee, watoto wawili, kunguru, na bahari yenyewe ikikasirika. Kunguru ndiye aliyenichana koo. Niliporudi, nilifika Mokowe nikashindwa hata kumwita mwenye boti, nikapunga mkono mpaka akaniona. Siku sita nilikuwa nawasiliana na watu kwa kuandika.

Katuni ilipotoka nikakaa na mama yangu tukaitazama mpaka mwisho. Majina yakapita: waliochora, aliyepiga muziki, waliotoa vifaa. Langu halikuwemo. Mama akaniuliza, "Sasa wewe uko wapi hapo?" Sikuwa na jibu.

Basi naomba mwenye kujua anieleze. Huyo mtu alikuwepo kweli? Aliishi vipi kwa kazi hii, na jina lake liliandikwa? Na koo lake lilihimilije?

baharia77 (Mombasa)

Ndugu yangu, mtu mmoja hawezi. Zile ni mashine, sauti inapitishwa mle inatoka nyembamba au nene wanavyotaka. Halafu nimesoma mahali kwamba huyo bwana alikuwa na mzio wa karoti, kwa hiyo hata kule kutafuna karoti kwa Bugs Bunny si yeye.

mzee_wa_deki (Malindi)

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Alikuwepo, na jina lake ni Mel Blanc. Sungura, bata, paka, kindege, Yosemite Sam, nguruwe Porky, panya Speedy Gonzales, jogoo Foghorn Leghorn, kicheche Pepé Le Pew, hao wote ni yeye. Wako ambao si yeye, nitawafikia, maana uliuliza kama ni sauti zote.

Kwanza nikueleze nimeyajuaje. Mimi ni mzaliwa wa Mkomani, ingawa sasa ni miaka 22 niko Malindi. Mwishoni mwa miaka ya 80 nilikuwa na deki moja ya kanda za video na runinga moja katika chumba cha ami yangu, huko huko kwenu Langoni. Alasiri ya Ijumaa ilikuwa ya watoto. Kanda zilitoka Mombasa kwa basi, zikavuka kwa boti, nyingine zikifika zimeingia mchanga na inabidi uzifungue kwa bisibisi uzipanguse. Watoto hawakufahamu Kiingereza. Nikawa nazima sauti ya runinga, nasimama pembeni, nasema mimi, kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu. Bugs Bunny nilimwita Sungura, na sikuhitaji kumtambulisha, kila mtoto alishamjua kwa nyanyake. Porky nilimpa jina la Kibonge, na wazazi wakaridhika.

Nilijitahidi kila mnyama awe na sauti yake. Nilikaza koo, nikalibana, nikalikwaruza. Baada ya Ijumaa nne sauti ikakauka kama yako. Bibi yangu ndiye aliyenirekebisha. Yeye alikuwa akitusimulia hadithi za Sungura na Fisi usiku, bila kupaza sauti hata mara moja, na sisi tulikuwa tunajifunika shuka kwa hofu ya Fisi. Akaniambia: "Mwanangu, fisi haneni kwa koo. Hunena kwa ndaa." Yaani kwa njaa.

Miaka mingi baadaye nilipoanza kusoma habari za Mel Blanc, kila nilichosoma kilinirudisha kwenye maneno yale ya bibi.

Alizaliwa San Francisco tarehe 30 Mei 1908, akakulia Portland, jimbo la Oregon. Jina la ukoo lilikuwa Blank, neno ambalo kwa Kiingereza ni kitu kitupu, karatasi isiyoandikwa. Alivyosimulia mwenyewe, mwalimu mmoja shuleni alimwambia kwamba hatakuwa chochote maishani, atakuwa kama jina lake. Akaibadili herufi ya mwisho. Akiwa shule hiyo hiyo alipenda kucheka kwa nguvu kwenye ukumbi mrefu ili asikie mwangwi ukimrudia. Sisi tuliokulia kwenye vichochoro vya mawe vya Lamu tunaujua utamu huo. Kicheko hicho kishike, kitarudi.

Alianza kama mwanamuziki na mtu wa redio, mwaka 1927. Mwaka 1933 yeye na mkewe Estelle walipata kipindi cha kila siku katika kituo kimoja cha Portland, na kituo hakikutaka kulipa waigizaji wengine. Kipindi kina wahusika wengi, na hakuna wa kuwasema ila yeye na mkewe. Yaani ule uwezo wa sauti nyingi ulizaliwa na ukosefu wa pesa. Naona wewe na sauti zako nane ni hadithi ile ile.

Akahamia Los Angeles akabisha mlango wa studio ya Leon Schlesinger, iliyokuwa ikitengeneza katuni za Warner Bros. Kila akienda anaambiwa sauti zimetosha. Akarudi tena na tena zaidi ya mwaka, mpaka akasikilizwa na mtu mwingine. Kazi yake ya kwanza pale, mwaka 1937, ilikuwa fahali mlevi. Fahali. Hakudai apewe mnyama mkubwa zaidi kwa umaarufu, alimfanya yule fahali alewe kweli.

Mwaka huo huo akapewa Porky. Aliyekuwa akimsema Porky kabla yake, Joe Dougherty, alikuwa na kigugumizi cha kweli maishani, hakuweza kukitawala, na kurekodi kukawa kunakula muda na filamu nyingi. Mel akakitunga kigugumizi upya. Sikiliza vizuri: Porky anashika neno, linamponyoka, analishika tena, linamponyoka, anaamua kuliacha na kuchukua jingine jepesi. Ni mtu anayetafuta njia. Mel alisimulia kwamba alikwenda kwenye shamba la nguruwe kusikiliza mikoromo yao kabla hajaanza. Na katika katuni ya kwanza aliyomsema Porky, *Porky's Duck Hunt*, ndimo alimozaliwa bata Daffy. Wawili kwa mpigo.

Bugs Bunny kama tunavyomjua alikuja mwaka 1940, katika *A Wild Hare*. Mel alionyeshwa sungura mjanja asiyeshtuka, akauliza mtu wa namna hiyo New York atakuwa ametoka mtaa gani. Akachanganya lahaja za Brooklyn na Bronx. Ni kama mtu wa hapa achukue mdomo wa utingo wa Mombasa, autie utulivu wa mzee anayekula muwa barazani. Mimi pale Langoni sikujua habari ya Brooklyn, lakini Sungura wangu alisema kama mpakizi wa gati anayejua bei ya kila kitu, na watoto walimwelewa papo hapo.

Sasa ndugu yangu baharia77. Mzio wa karoti haukuwepo, ni uvumi ulioenea. Alitafuna karoti za kweli. Tatizo lilikuwa kumeza: huwezi kutafuna karoti mbichi, uimeze, na useme sentensi inayofuata kwa wakati. Walijaribu matunda na mboga nyingine, hakuna iliyolia kama karoti. Basi akawa anatafuna, anatema kwenye ndoo, anaendelea.

Habari ya mashine, umepata nusu. Daffy na Porky walirekodiwa kwa mwendo wa kawaida, kisha mkanda ukachezwa kwa kasi kidogo ili sauti ipande. Ukimpunguza spidi Daffy unamkuta Sylvester, ndiye yule yule mwenye kitembe na mate. Lakini mashine inapandisha sauti tu. Haiwezi kumtia bata wivu. Wivu ule ni wa Mel.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: sauti ilirekodiwa kwanza, picha zikafuata. Wachoraji walilisikiliza kila neno na kulihesabu, picha 24 kwa sekunde moja, ndipo mdomo wa sungura ukachorwa. Kwa hiyo anapovuta pumzi, mchoraji anachora pumzi. Mimi nilifanya kinyume, picha imeshakwisha, mdomo wa Sungura umefunga na Kiamu changu bado kinaendelea. Wewe ulirekodi kabla ya picha au baada? Kama ni kabla, basi yule kunguru amechorwa juu ya koo lako, mwanangu.

Na hapo ndipo tunafika kwenye swali la mama yako.

Mel alifanya kazi ile miaka kadhaa bila jina lake kuonekana. Waongozaji waliandikwa, wa muziki aliandikwa, wa sauti hakuna. Akamwendea Schlesinger kuomba nyongeza ya mshahara. Akakataliwa. Akasema: basi kama pesa hakuna, niandikieni jina. Ombi hilo halikuwa na gharama, likakubaliwa. Kuanzia mwaka 1944 watazamaji wakaanza kusoma kwamba sauti ni za Mel Blanc. Simu zikaanza kuingia. Mwaka 1946 akapata kipindi chake cha redio chenye jina lake mwenyewe. Sisemi ukubali kunyimwa malipo, la. Nasema jina ni sehemu ya malipo, na yeye aliijua thamani yake kabla ya bosi wake.

Lakini jina lile lilikuwa na upande wa pili, na hapa ndipo nawafikia wale ambao si yeye. Kwa kuwa lilikuwa peke yake kwa miaka mingi, watu wakadhani ni yeye kila mahali. Yule mwindaji Elmer Fudd, anayemsaka Bugs Bunny msituni, hakuwa Mel. Alikuwa Arthur Q. Bryan, mpaka alipofariki mwaka 1959. Mtu mwenye sauti ya ajabu vile, na mamilioni ya watu waliomcheka hawakuwahi kusoma jina lake.

Kicheko nilichokwambia ukishike: Mel ndiye aliyemsema mara za kwanza Woody Woodpecker, yule kigogota wa mtengenezaji katuni Walter Lantz, na kicheko cha kigogota ni kile kile cha ukumbi wa shule. Alipofungwa na mkataba wa Warner akaacha, lakini kicheko chake kilichorekodiwa kikaendelea kutumika. Akashtaki. Jaji akaamua dhidi yake kwa sababu hakuwa amekisajili kuwa mali yake, na mwishowe wakapatana nje ya mahakama. Mtu acheke tangu utotoni, kisha aambiwe kicheko si chake. Kila nikifika hapo moyo huniuma.

Redioni alikuwa na mchekeshaji Jack Benny. Mwanzo alipewa kuunguruma tu kama dubu aliyelinda hela za Benny, miezi na miezi, mpaka akawaambia kwamba anaweza pia kusema. Siku moja gari bovu la Benny lilitakiwa liwake, kipindi kiko hewani moja kwa moja, na sahani ya mlio wa gari ikakataa kulia. Mel akaisogelea maikrofoni akalipiga gari lile kwa mdomo, likikohoa, likipiga chafya, likifa, likifufuka. Kuanzia hapo gari likawa lake.

Sasa tarehe 24 Januari 1961. Usiku, Sunset Boulevard, Los Angeles, kwenye kona mbaya inayojulikana kwa ajali, akagongana uso kwa uso na gari jingine. Miguu ilivunjika, nyonga ikavunjika, fuvu likapasuka. Akalala bila fahamu wiki mbili. Mkewe na mwanawe Noel walikuwa wakimwita, hajibu. Madaktari wakimwita kwa jina lake, hajibu. Ndipo daktari mmoja, runinga ya chumba kile ikiwa imewashwa, akamuuliza: "Bugs Bunny, unaendeleaje leo?"

Na kutoka kitandani ikatoka sauti dhaifu ya Bugs Bunny, ikisema hajambo, na kumuuliza daktari yeye je.

Nimekisoma kisa hicho kwa miaka, na bado siwezi kukipita upesi. Mel alikuwa hayupo, lakini Sungura alikuwepo. Huwezi kufanya hivyo kwa koo. Mtu asiye na fahamu hana koo la kubana. Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakupata kusikia jina la Mel Blanc, lakini kama angelisikia kisa hiki asingeshangaa.

Wakati ule alikuwa pia Barney katika katuni ya *The Flintstones*. Mwenzake Daws Butler akamshikia nafasi vipindi kadhaa, kisha Mel akarekodi nyumbani, amefungwa plasta karibu mwili mzima, maikrofoni imening'inizwa juu ya kitanda na waigizaji wenzake wamekizunguka.

Aliendelea mpaka mwisho. Mwaka 1988 alikuwa bado Bugs na Daffy katika *Who Framed Roger Rabbit*. Alifariki Los Angeles tarehe 10 Julai 1989, umri wa miaka 81. Kwenye jiwe la kaburi lake yameandikwa maneno ya Porky ya kufungia katuni, yale ya kuwaambia jamaa kwamba ni hayo tu.

Habari ya koo nawaachia wenye ujuzi. Mimi najua la bibi tu.

bi_matangazo (Malindi)

Mzee wetu, ahsante sana. Nimesoma nikiwa kituoni, nikasahau kwamba zamu yangu imefika.

Mdogo wangu wa Langoni, mimi ni miaka 11 nafanya matangazo na michezo ya redio, basi la koo nisikie mimi. Kwanza, hata huyo Mel Blanc aliumia. Alisema mwenyewe kwamba Yosemite Sam ndiye aliyemchosha koo kuliko wote, maana ni kelele mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo kunguru wako si udhaifu wako. Kosa lilikuwa la mpangilio. Sauti za kupiga kelele zinawekwa mwisho wa siku, baada ya zote laini kumalizika. Ukianza na kunguru, bibi kizee atakuwa na kidonda.

Kabla ya kuanza, guna polepole midomo ikiwa imefungwa, dakika tano hata kumi, mpaka usikie pua inatetemeka. Maji ya kawaida, kidogo kidogo siku nzima. Sauti ikikauka, nyamaza kabisa, na usinong'one. Watu wanadhani kunong'ona ni kupumzisha koo, kumbe kunalikaza zaidi. Ulivyoandika kwenye karatasi ulifanya sawasawa. Na sauti ikikaa mbovu zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa koo, usingoje asali na tangawizi zifanye kazi ya darubini. Sigara usiiguse. Mel Blanc alivuta tangu utotoni, na uzeeni mapafu yalimsumbua vibaya.

Pili, nataka kuongeza majina ambayo Mzee hakuyafikia. Katika katuni zile zile, sauti nyingi za wanawake miaka ya 40 zilikuwa za Bea Benaderet, na jina lake halikuandikwa. Ndiye aliyekuja kuwa Betty, mke wa Barney, katika *The Flintstones*. Baada yake akaja June Foray, ndiye yule bibi mwenye Tweety, na pia kindi Rocky. June alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 99. Alipigania sana watu wa katuni waheshimiwe, hata tuzo ya Oscar ya filamu ndefu za katuni ana mkono wake.

Na yule kigogota Woody, baada ya Mel, kwa miaka mingi alisemwa na Grace Stafford, mkewe Walter Lantz. Huyu mwenyewe hakutaka jina lake liandikwe mwanzoni, akihofia watoto watavunjika moyo wakijua kigogota ni mwanamke. Nilipolisoma hilo niliumia sana. Wasikilizaji wangu wanajua mimi ni mwanamke, na mbuzi wangu dume wa tangazo la dawa za mifugo bado wanampenda.

Na siku hizi watoto wetu wana katuni za Kiswahili. *Ubongo Kids* ya Dar es Salaam imekuwepo tangu mwaka 2014. Kazi ipo, mdogo wangu, na itaongezeka. Mara nyingine kabla hujaingia kwenye magodoro, uliza mambo mawili kwa maandishi: sauti yangu itatumika wapi na kwa muda gani, na jina langu litaandikwaje. Usisaini wakati umechoka na unataka kuwahi basi.

baharia77 (Mombasa)

Mzee, nimekubali. La karoti nilikuwa nimelibeba tangu shuleni. Swali moja tu: yule paka Tom wa Tom na Jerry, anapobanwa mkia na kupiga ule ukelele, naye ni Mel Blanc?

mzee_wa_deki (Malindi)

Ule ukelele maarufu si wake. Ni wa William Hanna, mmoja wa wawili waliowabuni Tom na Jerry. Bosi mwenyewe ndiye aliyekuwa akipiga ukelele. Mel aliwatilia milio kidogo baadaye sana, miaka ya 60, katuni zao zilipotengenezwa na mwongozaji Chuck Jones.

Bi Matangazo, umenifunza habari ya Grace Stafford na Bea Benaderet. Mimi nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wa wanaume.

mwana_wa_langoni (Lamu)

Ami, nimekusoma mara tatu. Mara ya tatu nilimsomea mama kwa sauti, na nilipofika kwenye daktari na Bugs Bunny akaniambia nisimame kidogo, akaenda kukaa dirishani.

Kukujibu: nilirekodi kabla ya picha. Sikujua maana yake mpaka uliposema. Jana usiku nikaitazama tena ile katuni nikimwangalia kunguru peke yake. Kuna mahali nilikatika pumzi nikakohoa kidogo, na wakaiacha. Kunguru anafumba macho na manyoya ya shingo yanasimama. Kuna mtu huko alikaa akachora kikohozi changu. Nimefurahi na nimeumia kwa pamoja, sijui nilieleze vipi.

Dada wa matangazo, kweli nilianza na kunguru, asubuhi ya siku ya kwanza, kabla hata ya chai. Nimeandika ulivyosema, nimebandika ukutani.

Kuna sehemu ya pili ya katuni, wameniambia ni mwezi ujao. Leo asubuhi nimewaandikia ujumbe. Nimewaambia nitakuja, bei ile ile kama hawana nyongeza, lakini kunguru awe wa mwisho na jina liwe kwenye orodha, na la sehemu ya kwanza lirekebishwe kama inawezekana. Mikono ilikuwa inatetemeka. Wamejibu baada ya adhuhuri: hakuna tatizo, tuma jina linavyoandikwa.

mzee_wa_deki (Malindi)

Alhamdulillahi. Umefanya vyema kuandika na si kupiga simu, maandishi yanabaki.

Ombi langu moja. Bibi kizee uliyemsema katika katuni, nina hakika umemtoa kwa mtu wa nyumbani. Kama yuko hai, mrekodi. Weka simu juu ya mto, mbali na feni, umwache aanze mwenyewe na "Paukwa". Asimulie kwa Kiamu chake, na akisita usimkatize, usimsaidie neno. Wangu sikumrekodi, na deki nilikuwa nayo ndani ya nyumba.

mwana_wa_langoni (Lamu)

Yuko hai, Ami, ni nyanya yangu mzaa mama, yuko Shela. Ijumaa nitakwenda.

Na lile jina sijawatumia bado. Nilimuuliza mama niandike langu na la baba, au niongeze na la ukoo. Amesema yote matatu, na kwanza nimwandikie kwenye karatasi alione.